Waafrika waliovuka bahari na Wahispania kwenda Amerika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayokutana nayo kila nikigusia hii historia. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, inategemea swali lina nyama kiasi gani.

Kwani Waafrika si walipelekwa Amerika kulima pamba?

Hiyo ya pamba ni ya baadaye sana, na hasa ni ya Marekani. Wengi wetu tumeipata kwenye sinema na kwenye somo la biashara ya pembetatu, basi tukabaki na picha moja tu kichwani. Lakini kabla pamba haijashika kasi kuna karibu miaka 300 ya Waafrika kuwepo Amerika, na miaka ya mwanzo kabisa walikuwepo upande wa Wahispania, visiwa vya Karibi kwanza, halafu Mexico, Peru, Chile. Ule mwaka 1619 ambao watu wanautaja sana, Waafrika walipofikishwa Virginia kwa Waingereza, kwa Wahispania tayari ilishapita karne nzima na zaidi.

Mwaka 1503, yaani miaka 11 tu tangu Columbus afike, gavana wa kisiwa cha Hispaniola, Nicolás de Ovando, alishaandika kwa watawala wake akiomba wasiletewe tena watu weusi, manake wanatoroka, wanakimbilia kwa wenyeji na kuwafundisha tabia mbaya. Miaka 11! Hapo hata Mexico Wahispania walikuwa hawajaiona, na ndugu zetu walishaanza kuingia msituni.

Sasa hao wa kwanza walitokea wapi?

Wengi wao hawakutoka Afrika moja kwa moja, walipitia Lisbon na Sevilla. Miji ile ilikuwa na Waafrika wengi tu, watumwa na walioachwa huru, kiasi kwamba mwaka 1475 watawala wa Hispania walimteua mtu mweusi anayeitwa Juan de Valladolid awe hakimu na kiongozi wa weusi wote wa Sevilla. Watu hawa walishabatizwa na walikiongea Kihispania, Wahispania wenyewe waliwaita ladino. Kwa hiyo meli zikielekea magharibi na wao wamo, mmoja kama mtumwa wa kapteni, mwingine mtumishi, mwingine baharia, wachache wamelipa nauli yao kama mtu mwingine yeyote.

Mambo yalibadilika mwaka 1518, mfalme Charles alipompa mtu wa karibu yake kibali cha kupeleka Waafrika 4,000 huko, kibali ambacho yule bwana akakiuza kwa wafanyabiashara. Kuanzia hapo meli zikaanza kutoka Afrika zikienda Amerika bila kupita Hispania, na idadi ikapanda mwaka hadi mwaka.

Juan Garrido ndo nani, mbona anatajwa sana?

Kwa sababu alijitaja mwenyewe. Wengine wengi wametajwa na mabwana zao kwa neno moja tu, "mweusi", basi. Huyu alienda mbele ya maofisa wa Mexico City mwezi wa tisa mwaka 1538, akiwa na mashahidi, akaandikisha maisha yake kwa mfalme.

Anasema yeye ni mtu mweusi kwa rangi, akawa Mkristo kwa hiari yake Lisbon, akakaa Castilla, huko Hispania, miaka 7, akavuka kwenda Santo Domingo, kisiwani Hispaniola, akawepo Puerto Rico, akawepo Kuba, akaenda Florida na Juan Ponce de León (hiyo safari ni ya 1513), halafu Mexico na jeshi la Hernán Cortés mpaka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ukaanguka Agosti 1521. Baadaye akaenda Zacatula kutafuta dhahabu, na miaka ya 1530 akaenda tena na Cortés mpaka California. Miaka 30 ya kutumikia, na anasema mshahara hakuna, wenyeji wa kumfanyia kazi hakupewa, hana kitu, na ana mke na watoto 3 wa kulisha.

Jina Garrido lenyewe kwa Kihispania ni kama kusema mtanashati. Juan mtanashati. Jina alilopewa na mama yake huko Afrika Magharibi halipo kwenye karatasi yoyote, na mimi kila nikisoma habari zake hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Baada ya vita alipata kazi za mji. Alikuwa bawabu wa baraza la mji wa Mexico, alilinda mfereji wa maji uliokuwa ukitoka Chapultepec, na Februari 1525 alipewa kiwanja. Ukiangalia vizuri kazi walizokuwa wakipewa weusi walioachwa huru baada ya vita utaona zinafanana kila mahali: mlinzi, bawabu, mpiga mbiu. Wenzake weupe waliopigana naye walipewa vijiji vizima.

Na alijenga kikanisa kidogo pembeni ya barabara ya Tacuba, ile iliyokatiza ziwani, pale ambapo usiku wa tarehe 30 Juni 1520 Wahispania waliuawa kwa wingi wakijaribu kukimbia mji. Alikusanya maiti akazizika pale. Leo mahali hapo kuna kanisa la San Hipólito, watu wanapita mbele yake kila siku kwenda metro.

Ile ishu ya ngano ni kweli?

Ndiyo. Kwenye maombi yake ya 1538 anasema yeye ndo wa kwanza kupata wazo la kupanda ngano Mexico aone kama itashika, na alifanya hivyo kwa gharama zake. Halafu kuna mwandishi Mhispania wa karne ileile ambaye anaisimulia kwa undani zaidi: mtu mweusi wa Cortés, anayedhani jina lake ni Juan Garrido, alikuta punje 3 za ngano ndani ya gunia la mchele, akazipanda bustanini, na shina moja likatoa punje 180.

Hebu jaribu kuiona. Mtu anachambua mchele, kama mama yeyote anavyochambua kwenye ungo, vidole vinasukuma mawe na makapi pembeni, anakuta punje 3 ambazo sio mchele. Angeweza kuzitupa. Akaziweka mkononi akatoka nje akazifukia. Kwa Mhispania wa wakati ule mkate wa ngano ulikuwa kila kitu, hata misa haisomwi bila ngano kwa sababu hostia haitengenezwi kwa mahindi, yaani hakuna ngano hakuna sakramenti. Karne ileile mahindi ya wenyeji wa Amerika yakaanza safari ya kuja Afrika mpaka leo tunapika ugali, na huku Mwafrika akawa anaotesha ngano kwao.

Kwa hiyo tumhesabu kama shujaa au msaliti?

Hili swali linaniumiza kichwa na sitalikwepa. Mimi simuiti shujaa. Jeshi alilokuwemo liliuzingira Tenochtitlan mpaka watu wakafa kwa njaa na ndui kabla hata ya kufa kwa upanga, na huko Zacatula alienda na watumwa wa kumchimbia dhahabu. Lakini msaliti wa nani? Watu wa Mexico hawakuwa ndugu zake, wala Wahispania hawakuwa. Alikuwa mtu mmoja aliyetolewa kwao akiwa kijana, akatafuta njia ya kuishi ndani ya mfumo alioukuta, na njia iliyokuwepo ilikuwa ya vita. Nachotaka mimi ni aandikwe kama alivyokuwa, mazuri na mabaya yake, kama wanavyoandikwa wengine wote waliokuwa pale.

Alikuwa peke yake?

Hapana kabisa. Ukitaka kujua walikuwa wa kawaida kiasi gani, kuna askari wa Cortés aliyeandika kumbukumbu zake uzeeni, anasema tajiri kuliko wote kwenye ule msafara wa 1519 alikuwa Juan Sedeño, kwa sababu alikuja na meli yake, farasi jike, mtu mweusi, mikate ya muhogo na nyama ya nguruwe. Mtu mweusi katajwa katikati ya farasi na mihogo. Jina hakuna. Pedro de Alvarado, kapteni wa Cortés, alipoenda Peru mwaka 1534 alikuwa na Waafrika wapatao 200 kwenye msafara wake, na majina yao mengi hatunayo hivyohivyo.

Wachache wenye majina ni hawa. Juan García alikuwepo Cajamarca mwaka 1532 Francisco Pizarro alipomkamata mfalme wa Wainka, Atahualpa. Walikuwa watu kama 168 tu, na yeye kazi yake ilikuwa kupiga mbiu na kupiga zumari. Dhahabu ya kikomboleo ilipogawanywa alipata mgao wake, mdogo kuliko wa wapanda farasi lakini alipata.

Juan Bardales alipigana Honduras na Panama, alidai alipigwa mishale 106 akimuokoa kapteni wake, akaachwa huru akapewa na pensheni ya peso 50.

Sebastián Toral wa Yucatán, Mexico, namheshimu sana. Alipata uhuru wake kwa kupigana, akakaa zake Mérida na familia, halafu miaka ya 1570 serikali ikaja na kodi ya kichwa kwa watu weusi wote walio huru. Sisi kodi ya kichwa tunaijua ilivyo, babu zetu waliilipa. Mzee akakataa, akasema mimi ndo nilipigana kuipata nchi hii halafu mnitoze kodi kama niliyetekwa? Akafunga safari mpaka Hispania kupeleka shauri lake, mtu mzima wa umri ule kwenye meli ya mbao miezi kadhaa, na agizo la mfalme likatoka aondolewe kodi.

Na Juan Valiente?

Huyu anastahili swali lake.

Alikuwa mtumwa wa Alonso Valiente huko Puebla, Mexico. Mwaka 1533 alimuomba bwana wake ruhusa aende akatafute maisha vitani, wakaandikiana kwa mwandishi wa mikataba: miaka 4, na chochote atakachopata aweke hesabu amletee bwana. Akaenda Guatemala, akaingia Peru, akashuka na kapteni Diego de Almagro mpaka Chile kupitia milimani ambako watu waligandishwa na baridi, na mwaka 1540 akaenda tena Chile na kapteni mwingine, Pedro de Valdivia. Alikuwepo Santiago ilipoanzishwa mwaka 1541. Akawa na farasi, akawa na cheo, mwaka 1546 akapewa shamba nje ya mji, akaoa, na mwaka 1550 akapewa enkomienda, yaani wenyeji wa eneo fulani wamepangiwa kumlipa yeye kodi na kumfanyia kazi.

Sasa kumbuka miaka 4 ilishapita zamani na bwana yupo Puebla, mwaka 1541 alishaanza kumtafuta kwa njia ya sheria arudishwe yeye au zirudishwe hela. Kwa hiyo huyu ni mtu ambaye Chile ni kapteni mwenye ardhi na watu chini yake, na kwenye makaratasi ya Mexico ni mali ya mtu. Desemba 1553 Wamapuche, wenyeji wa Chile, waliwaua yeye na Valdivia kwenye vita vya Tucapel. Alikufa akiwa bado mtumwa kisheria. Na Wamapuche waliomuua walikuwa wanapigania nchi yao, nao tusiwasahau kwa sababu tu tunamfuatilia Valiente.

Esteban alifikaje Marekani?

Esteban, wengine wanamuita Estebanico, alikuwa mtu mweusi wa Azemmour, Moroko, anayeongea Kiarabu, mtumwa wa Andrés Dorantes. Msafara wa Pánfilo de Narváez ulishuka Florida Aprili 1528 na watu kama 300. Kila kitu kikaenda vibaya, njaa, mishale, magonjwa, mpaka wakala farasi zao na kuyeyusha chuma cha vikuku vya farasi kutengeneza misumari ya mashua, na mashua zenyewe zikavunjika pwani ya Texas. Waliotembea kwa miguu mpaka kutokea upande wa Mexico mwaka 1536 ni wanne tu, Wahispania watatu na Esteban. Na mwenzao aliyeandika kitabu cha safari ile anakiri kwamba mweusi ndo alikuwa anaongea na wenyeji muda wote, yeye ndo anauliza njia na vijiji vya mbele. Wale watatu walikuwa wanakaa kimya ili waheshimike. Kwa hiyo nani alikuwa anaongoza?

Mwaka 1539 akatumwa tena kaskazini, safari hii mbele ya padri anayeitwa Marcos de Niza. Wakakubaliana hivi: Esteban atangulie, akikuta nchi ya kawaida atume msalaba mweupe wa ukubwa wa kiganja, akikuta kubwa atume wa viganja viwili, akikuta nchi kubwa kuliko Mexico atume msalaba mkubwa zaidi. Baada ya siku 4 padri akaona wajumbe wanakuja wamebeba msalaba mrefu kama mtu.

Esteban hakusubiri. Aliendelea mpaka Hawikuh, mji wa watu wa Zuni, ambako leo ni New Mexico, na kama kawaida yake akatanguliza kibuyu chake chenye njuga na manyoya mawili, jeupe na jekundu. Kiongozi wa pale alikishika akakitupa chini kwa hasira, akasema wasiingie. Esteban akasonga mbele tu. Watu wa Zuni wakamuua.

Wanawake walikuwepo?

Walikuwepo ila karatasi ziliwabana zaidi. Beatriz de Palacios, mama mwenye damu ya Kiafrika, alikuwa kwenye vita vya Mexico na mume wake Pedro de Escobar, akimpokea zamu ya lindo mume akichoka, akitunza farasi, akifunga vidonda. Na Santo Domingo, kabla ya hospitali ya San Nicolás de Bari haijajengwa, kumbukumbu za kanisa zinasema kulikuwa na mama mweusi mcha Mungu aliyekuwa akiwachukua wagonjwa wasio na mtu anawauguza kibandani kwake. Hospitali ikaja kukua kutokana na hapo. Gavana ana jina, mtakatifu wa hospitali ana jina, mama hana.

Ni kweli mtu mweusi ndo alipeleka ndui Mexico?

Francisco de Eguía, mtumwa aliyekuja na msafara mwingine wa Narváez, ule wa Mexico mwaka 1520, ndo anatajwa. Ndui tayari ilikuwa visiwani tangu mwisho wa 1518 na meli zilikuwa nyingi, na hata kama alikuwa mgonjwa alipandishwa melini na wenye meli. Mimi naona ni ajabu kwamba kati ya weusi wote waliokuwa pale, mtumwa ambaye waandishi walihangaika kumkumbuka ni huyu wa kubebeshwa lawama.

Na waliokataa kuwatumikia Wahispania?

Ni wengi sana, na sisi tuna neno lao tangu enzi za pwani: watoro. Krismasi ya 1521 watumwa wa shamba la miwa la Diego Colón, mtoto wa Columbus, waliasi Hispaniola, wengi wakiwa Wawolof wa Senegal, na wiki chache baadaye zikatoka sheria kali za kuwabana weusi kisiwani, za mwanzo kabisa za aina hiyo Amerika. Panama miaka ya 1550 kulikuwa na mfalme wa watoro anayeitwa Bayano, Wahispania walishindwa kumkamata vitani wakampata kwa kumualika karamuni na kuwapa watu wake kinywaji chenye dawa. Mpaka leo Panama kuna mto Bayano. Mexico kulikuwa na Yanga, milima ya Veracruz, walimshambulia mwaka 1609 na mwisho wakakubali watu wake wawe na mji wao huru.

Ila ukiniuliza cha kuangalia, angalia mchoro wa Esmeraldas. Mwaka 1553 meli iliyokuwa inatoka Panama kwenda Lima ilikwama pwani ya Ekwado, Waafrika 23 wakaingia msituni, wakaoana na wenyeji, wakatawala pwani ile. Mwaka 1599 mzee mmoja wa huko, Don Francisco de Arobe, miaka 56, na vijana wake Pedro na Domingo, walienda Quito kufanya amani, na mchoraji mwenyeji, Andrés Sánchez Galque, akawachora. Wamesimama watatu, mikuki mkononi, shingoni kola nyeupe za marinda za Kihispania, mabegani vitambaa vya hariri, na usoni dhahabu: masikioni, puani, mdomoni. Kofia wamezivua kwa heshima. Mikuki hawakuiweka chini. Mchoro ulipelekwa kwa mfalme wa Hispania, uko Madrid mpaka sasa.

Kulikuwa na watu wa upande wetu, pwani ya mashariki?

Mwanzoni wengi walikuwa wa Senegambia, Guinea, baadaye Kongo na Angola. Wa kwetu walikuja kwa mlango wa nyuma: Wareno waliwatoa Msumbiji wakawapeleka Goa, wengine wakauzwa mpaka Manila, na kutoka Manila meli za Wahispania zilivuka Pasifiki mpaka Acapulco. Mexico waliwaandika "cafre". Hilo neno ni kafiri lilelile tunalolijua, Wareno walilichukua kwa Waarabu wa pwani yetu, na likavuka bahari mbili likiwa limebandikwa juu ya watu.

Mbona shuleni hatukufundishwa?

Mitaala yetu inaanzia kwenye meli ya watumwa na kuishia kwenye ukombozi, katikati hapo hakuna nafasi ya mtu kama Valiente. Na Wahispania nao walikuwa wanaandika maombi kwa mfalme kutafuta zawadi, kila mtu anajisifia yeye, nani ataandika kwamba aliokolewa na mtumwa wake? Cortés aliandika barua ndefu sana kwa mfalme na Garrido hayumo. Ila karatasi za Garrido mwenyewe zilikuwepo muda wote huo, na leo zimehifadhiwa Sevilla.

Wazao wao wapo?

Wapo. Kule kwa Yanga mji ulibadilishwa jina mwaka 1932 ukaitwa Yanga, na sanamu yake ipo. Mwaka 2019 katiba ya Mexico ikawatambua Wamexico wenye asili ya Afrika, na sensa ya 2020 ikawauliza watu moja kwa moja kama wanajihesabu hivyo. Watu milioni 2.5 na zaidi walisema ndiyo.